Ganda na Kiini

Miaka tisa nimelisha boila la korosho hapa Newala,
kwa hiyo usinieleze habari za mvuke.
Naujua unapoimba, naujua unaponuna.
Gunia linaingia kavu, gumu kama deni,
linatoka limelegea, ganda liko tayari kusema na kisu.
Ukiwahi kulitoa, kiini kinavunjika.
Ukichelewa, kinabadilika rangi, kinashuka daraja,
na msimamizi anaandika jina lako kwa kalamu nyekundu.

Basi Bi Esha alipofungua chumba cha mvuke
nyuma ya saluni yake, karibu na stendi,
vigae vyeupe, benchi la mninga, bango la JASHO NI DAWA,
nilicheka.
Hapa, ambapo mama zetu walishuka bonde zima
wakapanda na ndoo moja kabla jua halijawaona,
leo maji yanachemshwa ili yapotee hewani!
Nikacheka, kisha nikalipa elfu tano,
kwa sababu ya bega.

Sitasema uongo. Bega lilisikia.
Joto liliingia polepole, kwa adabu ya mkwe,
na pua iliyoziba tangu msimu uanze
ikafunguka: nikanusa mkaratusi, nikanusa sabuni ya jirani,
nikanusa hata mafuta ya maganda vidoleni mwangu
niliyodhani nimeyaacha kiwandani.
Mgongo ukalegea pingili kwa pingili.
Usiku ule sikumwomba mtu anikande.

Jumamosi iliyofuata, zamu ya wanaume,
nilikuwa nje kwenye mkeka nikisubiri yetu.
Akaingia Nnunduma, fundi baiskeli,
mwenye presha, na vidonge anavyomeza siku akivikumbuka,
na uraka aliouanza asubuhi.
"Naenda kutoa sumu," alisema, akipiga tumbo lake.
Hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo ni ya figo,
kwamba jasho hubeba maji na chumvi
na kumwachia mwenyewe kiu.

Boila langu lina saa usoni.
Sindano ikigusa nyekundu, linapiga filimbi
mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanaitika.
Nnunduma hakuwa na filimbi.
Kulikuwa kimya tu, na mimi nahesabu kwa mazoea:
kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.
Nikausukuma mlango bila kujali zamu ni ya nani.

Tulimburuta hadi barazani, tukainua miguu yake,
tukamlowesha kwa maji yale yale ya kununua kwa ndoo.
Alipozinduka, aliulizia baiskeli ya mteja.
Tulicheka sana. Bi Esha hakucheka.

Jioni akaniletea kalamu na kadibodi:
"Wewe unajua mvuke. Niandikie."
Nikaandika: Mwenye mimba, asubiri. Mwenye moyo au presha,
aanzie kwa daktari. Mlevi, arudi kesho.
Dakika kumi, kisha toka, unywe maji.
Mkono ukasimama kwenye neno pumu.

Kwa sababu kabla ya vigae palikuwa na blanketi,
sufuria ya mwarobaini na mchaichai,
na Tamimu, mtoto wa dada yangu, wa miaka sita,
anayekoroma kifuani kama paka.
Nilimshikilia chini ya lile giza la moto.
Alipiga teke. Nikadhani ni utundu.
Nilidhani nampa pumzi.

Yu hai. Ni dereva wa lori, Masasi.
Lakini akija kulala kwangu, hata Julai,
ukungu wa Newala unapopanda na kujaza uwanja mzima,
dirisha la chumba chake haliguswi.
Asubuhi nakuta shuka limelowa umande
na yeye amelala mdomo wazi, akivuta baridi
kama mtu anayekunywa.

Bega likiuma bado ninakwenda kwa Bi Esha.
Ninatoka ningali nataka kubaki.